Mizinga ya Manowari Königsberg na Watu Walioivuta



Leo tumekusudia kuwaeleza habari za mizinga kumi iliyotengenezwa kwa kazi ya baharini, lakini ikamaliza kazi yake barani, katika vumbi la kiangazi na tope la masika. Mizinga hiyo ilikuwa ya manowari ya Kijerumani jina lake Königsberg. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na wasimulizi wengi husifu ujuzi wa maofisa na nguvu za chuma. Sisi hatukatai ujuzi huo. Lakini tunataka kuuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeweza kuwauliza wanafunzi wake: chuma kizito namna ile, kisicho na mtambo wa kukiendesha, kilifikaje Kahe, na Kondoa, na nchi za kusini ya Rufiji? Jibu lake ni fupi: kilivutwa na watu. Na kwa kuwa jibu ni fupi, wengi huliruka upesi. Leo hatutaliruka.

Kwanza tuitazame manowari yenyewe. Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni, mwaka wa 1914, wakati nchi ya Tanganyika ilipokuwa ingali chini ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Vita Kuu vilipoanza mwezi wa Agosti mwaka huo huo, manowari hiyo ilikuwa imekwisha kutoka bandarini, ikaenda kuwinda meli za Waingereza. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikafika mbele ya Unguja. Hapo ilikuwapo manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus, imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa. Königsberg ikaipiga kwa mbali, na makombora ya Pegasus hayakuweza kufika ilikosimama adui yake. Mabaharia zaidi ya 30 wa Kiingereza wakafa, na Pegasus ikazama. Makaburi ya mabaharia hao yamo katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja.

Baada ya ushindi huo mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika, ikajificha ndani ya mito ya Rufiji, mahali penye mikoko mingi na mikondo mingi ya maji, ambapo mgeni hawezi kuijua njia. Vyombo vilivyoharibika vikafunguliwa, vikapelekwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa watu wa nchi kuitwa wavute chuma cha manowari hiyo. Haikuwa ya mwisho.

Waingereza wakaziba milango ya mto kwa manowari zao muda wa miezi mingi, lakini manowari hizo zilihitaji maji ya kina kirefu, kwa hiyo hazikuweza kuingia ndani. Mwisho wakaleta kutoka Ulaya manowari mbili zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, na ndege za kutazama kutoka angani makombora yanapoangukia. Wakapigana tarehe 6 Julai 1915, na tena tarehe 11 Julai. Siku hiyo ya pili Königsberg ikaumizwa sana, na nahodha wake, ambaye naye alikuwa amejeruhiwa, akaamuru izamishwe na watu wake wenyewe.

Hapo wengi walidhani kwamba habari zimekwisha. Lakini maji ya mto yalikuwa haba, na meli ilipokaa chini, sehemu yake ya juu ilibaki mahali panapoweza kufikiwa. Mabaharia wakarudi, wakafungua mizinga yote kumi mmoja mmoja, wakaitoa. Wakatoa na makombora pia, mengine yakiwa yameloa maji na tope, yakasafishwa na kukaushwa. Basi meli ilikufa, lakini meno yake yakabaki.

Sasa inafaa tueleze kidogo mzinga huo ulikuwa wa namna gani, maana asiyeujua uzito wa mzigo hawezi kuijua taabu ya mchukuzi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tundu la mzinga lilikuwa na upana wa milimita 105. Kasiba yake, yaani bomba ambamo kombora hupita, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4, na uzito wake peke yake ulikuwa kilo 1,500 na zaidi. Juu ya hayo ongezeni kikalio chake cha chuma. Uliweza kutupa kombora umbali wa kilomita 12 hivi. Kombora lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, nalo lilishikamana na ganda la shaba lililojaa baruti. Vyote viwili pamoja vilikuwa mzigo kamili wa mtu mmoja. Kwa hiyo mzinga uliopiga mara 100 ulikuwa umemaliza kwa muda wa saa chache kazi ya wapagazi 100 walioleta makombora hayo kwa siku nyingi.

Tena mzinga wa melini una shida yake ukiletwa barani. Kila mzinga unapopigwa hutupa kombora mbele, na wenyewe hupiga teke kwenda nyuma. Baharini teke hilo hupokewa na meli nzima, maana mzinga umefungwa kwa misumari mikubwa ya chuma, na meli ni nzito kupita mzinga mara nyingi. Barani hakuna meli. Ukiuweka juu ya magurudumu tu na kuupiga, utaruka nyuma na kuwaponda wapigaji wake. Kwa hiyo mzinga wa nchi kavu hupewa gari maalum lenye mkia mrefu wa chuma, na mwisho wa mkia huwa na ncha kama jembe, inayojichimbia ardhini ili kuzuia teke. Ama sivyo, hujengewa kitako cha mbao nzito au zege mahali pamoja, lakini hapo hauwezi kuhamishwa upesi.

Mafundi wa karakana za reli za Dar es Salaam wakaanza kuiundia mizinga hiyo magari. Kazi hiyo haikuwa ndogo, maana hapakuwa na kiwanda cha silaha katika nchi nzima, wala meli za Wadachi hazikuweza kuja na kwenda kwa urahisi kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa. Wakatumia chuma na mbao zilizopatikana. Katika kazi kama hiyo lazima tukumbuke kwamba fundi mkuu hakufanya peke yake: walikuwapo wapiga nyundo, wavuta mivukuto, maseremala na wachukuzi, watu wa nchi hii, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya vita.

Lakini kabla ya kufika karakana ilikuwa lazima mizinga itoke Rufiji. Fikirini nchi ile. Mwenye kuijua anajua kwamba mguu wa mtu mmoja huzama topeni mpaka gotini. Mizinga ikatolewa majini kwa vyombo, ikapandishwa nchi kavu, ikafungwa kamba, na mamia ya watu wakaishika kamba hizo, safu kwa safu, kama wavuvi wavutavyo chombo kikubwa pwani. Lakini chombo cha wavuvi huvutwa hatua chache, kisha watu hupumzika na kugawana samaki. Hawa walivuta kwa safari ya siku nyingi, na mwisho wa safari hakuna aliyegawiwa kitu.

Labda mtu atauliza, Kwa nini wasitumie ng'ombe? Swali hilo ni zuri, na jibu lake wafugaji wanalijua. Sehemu kubwa ya nchi ile ina mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe, farasi na nyumbu kwa ugonjwa wa nagana. Maksai walitumiwa palipowezekana, wakafa njiani. Jeshi la Waingereza nalo, lililoongozwa na Jenerali Smuts tangu mwanzo wa mwaka wa 1916, lilileta farasi wengi sana kutoka Afrika ya Kusini, nao wakafa kwa maelfu. Motokari zilikuwapo kidogo, na wakati wa masika zilikwama topeni. Mnyama akifa na gari likikwama, hubaki mwanadamu. Hilo ndilo lililokuwa hesabu ya majemadari wa pande zote mbili.

Kutoka Dar es Salaam mizinga ikatawanywa. Mingine iliwekwa kulinda pwani. Mmoja ulipelekwa kwa gari la moshi mpaka Kigoma, maana reli ya kati ilikuwa imefika huko mwaka wa 1914, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika. Baadaye, mwaka wa 1916, mzinga huo uliondolewa ukatumike barani, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao ili kumdanganya adui. Meli hiyo ilizamishwa na Wadachi wenyewe mwezi wa Julai 1916. Ikaopolewa mwaka wa 1924, na tangu mwaka wa 1927 jina lake ni Liemba, ambalo watu wa ziwa wanalijua vema.

Mingine ilikwenda kaskazini. Reli ya kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeungana. Katikati yake palikuwa na nchi pana isiyo na njia ya gari la moshi, na baharini palikuwa na manowari za Waingereza. Kwa hiyo kila mzigo mzito uliotoka reli moja kwenda nyingine ulipaswa kupita barani, katika mito na vichaka. Mwezi wa Machi 1916 mzinga mmoja wa Königsberg ulikuwa Kahe, karibu na Moshi, ukiwapiga askari wa Smuts. Wadachi walipolazimika kuondoka, hawakuweza kuuchukua kwa haraka. Wakauvunja kwa baruti, wakauacha. Angalieni jambo hili: mzinga uliovutwa kwa majasho ya watu wengi ulitupwa kwa dakika moja, kwa kuwa ulikuwa mzito kupita mbio za wakati ule.

Mwezi wa Mei 1916 vita vilikuwa Kondoa. Jenerali van Deventer na askari wake wa Afrika ya Kusini walikuwa wameushika mji huo mwezi wa Aprili, wakati wa mvua kubwa, hata njia ya nyuma yao ikakatika kwa matope na chakula kikawa haba. Kamanda wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, akaja kutoka upande wa reli ya kati, akawashambulia usiku wa tarehe 9 Mei. Shambulio hilo likashindwa. Ndipo majeshi hayo mawili yakakaa yakitazamana kwa majuma mengi, na mzinga wa Königsberg ukatupa makombora yake juu ya vilima vya Irangi. Kutoka Dodoma mpaka Kondoa ni zaidi ya kilomita 150. Mwenye kuisafiri njia hiyo leo ndani ya basi huhesabu saa. Wavuta mzinga walihesabu vilima.

Jambo la ajabu ni hili, kwamba hata mizinga ya Pegasus iliopolewa baharini Unguja, na baadhi yake Waingereza wakaitia magurudumu, wakaipeleka barani kupigana. Hivyo mizinga ya manowari mbili zilizopigana bandarini Unguja ikawa tena katika vita vimoja mbali na bahari, na pande zote mbili waliokuwa mbele ya magurudumu walikuwa Waafrika.

Waalimu wetu, tunaomba ruhusa tufanye hesabu ndogo, ambayo mnaweza kuipeleka darasani. Mpagazi huchukua kilo 25 hivi. Kila siku hula unga kilo 1. Ikiwa amebeba chakula tu, na hakuna chakula kingine njiani, baada ya siku 25 atakuwa ameula mzigo wake wote. Lakini lazima arudi. Kwa hiyo akienda siku 12 na kurudi siku 12, hana alicholeta ila kilo moja tu. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba watu 300 wanavuta mzinga mmoja. Watu hao hula kilo 300 kwa siku, yaani mizigo ya wapagazi 12. Safari ya siku 10 itahitaji mizigo 120. Na hao wachukuzi 120 nao wana matumbo. Ongezeni wenye makombora, wenye vyombo vya maofisa, wenye dawa, na wapishi. Mtaona kwamba mzinga mmoja ulihitaji kijiji kizima kitembee pamoja nao, kijiji kisicholima wala kuvuna.

Chakula hicho kilitoka wapi? Kilitoka katika ghala za wakulima. Nchi ambayo majeshi yalipita ilichukuliwa nafaka, ng'ombe na vijana wake, na jeshi la pili lilipofika nalo likachukua kilichobaki. Ugogo ni mfano ulio wazi. Majeshi ya Wadachi yalichukua, yakaja ya Waingereza yakachukua, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, toka mwaka wa 1917, Wagogo waliiita Mtunya, na maelfu ya watu walikufa. Kabla nchi haijapumua ukaja ugonjwa wa mafua makali wa mwaka wa 1918, ukawakuta watu wamekonda. Hawa hawakupigwa na kombora, lakini tukiulizwa kama vita viliwaua, sisi tunajibu kwamba ndivyo.

Hapa tunapenda kusema neno kwa machifu na wazee wetu, maana jambo hili liliwagusa wakubwa wa zamani kwa namna ya pekee. Pande zote mbili, serikali ilimwendea mkubwa wa nchi ikamwambia, Toa watu. Akitoa, mama zao walimlaani. Asipotoa, aliadhibiwa, na watu walikamatwa vivyo hivyo. Wengine waliwapeleka maskini na wageni, wakawaficha watoto wao. Wengine waliwaambia vijana wakimbilie porini. Wengine walikwenda wenyewe pamoja na watu wao. Katika koo nyingi fitina za siku hizo zilidumu miaka mingi, na watoto wakarithi uchungu ambao asili yake hawakuijua. Tusiwahukumu upesi wale waliowekwa kati ya moto na maji. Lakini ni vema kujua, maana mkubwa anayejua shida ya waliomtangulia atapima neno lake atakapotakiwa kutoa watu kwa kazi yoyote.

Upande wa Waingereza wapagazi waliandikwa katika kikosi ambacho watu walikiita Kariakoo. Kenya peke yake, iliyokuwa ikiitwa wakati ule Himaya ya Afrika ya Mashariki, ilitoa watu wengi sana, hasa mwaka wa 1917 walipokusanywa kwa nguvu wilaya kwa wilaya. Na wengi wengine walitoka Tanganyika, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Walikufa kidogo kwa risasi, sana kwa maradhi: kuhara damu, homa, na ugonjwa wa mapafu. Watu waliozoea ndizi, viazi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mara nyingi hawakuwa na kuni wala nafasi ya kuupika ukaiva, ukawakata matumbo. Watu wa nchi za baridi walipelekwa pwani yenye homa, na watu wa joto wakalazwa milimani bila blanketi ya kutosha. Waliokufa kutoka Kenya tu walihesabiwa zaidi ya 40,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa jina liliandikwa vibaya, au kijiji hakikujulikana. Upande wa Wadachi hata hesabu kamili ya wapagazi waliokufa haikuwekwa.

Tuimalize habari ya mizinga yenyewe. Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, na mwezi wa Septemba Dar es Salaam na, kwa mkono wa Wabelgiji, Tabora. Reli yote ikawa imewatoka Wadachi. Tangu siku hiyo mzinga uliobaki haukuwa na njia nyingine ila kamba na mabega. Ukavutwa kusini, kupita nchi ya Rufiji ulikotoka, kuelekea upande wa Lindi. Kila mahali jeshi lilipokaribia kushikwa, mzinga mmoja ulivunjwa na kuachwa. Mwezi wa Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alipovuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, hakuwa tena na mzinga hata mmoja wa Königsberg. Akapigana mwaka mzima bila hiyo, mpaka alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako sasa huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Lakini wapagazi hakuweza kuwaacha. Mzinga uliweza kutupwa, mpagazi hakuweza, maana bila yeye jeshi lisingekula hata siku mbili. Kutoka jambo hilo tunaona ni kipi kilichokuwa na thamani zaidi katika vita vile, ingawa mishahara na sifa havikugawanywa hivyo.

Siku hizi mizinga mitatu ya Königsberg imehifadhiwa. Mmoja umo Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Mmoja uko Pretoria, Afrika ya Kusini, mbele ya majumba ya serikali. Na mmoja uko Jinja, nchi ya Uganda. Wageni huisimamia wakapigwa picha, na watoto huipanda. Ni vizuri ihifadhiwe. Mwenye kufika Mombasa na aitazame, auguse ule uzito kwa mkono wake, aone unene wa chuma. Kisha ajiulize yeye na wenzake kumi wangeusogeza hatua ngapi.

Na wavutaji wamehifadhiwa wapi? Dar es Salaam iko sanamu ya mwaka wa 1927, nayo ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Nairobi iko sanamu ya mwaka wa 1928, na hapo mpagazi amewekwa pamoja na askari, jambo ambalo ni la haki. Tena liko jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi, na Kariokor ya Nairobi vivyo hivyo. Maelfu ya watu hutaja majina hayo kila siku wakinunua nyanya na vitambaa, pasipo kufikiri kwamba wanataja jeshi la watu waliobeba mizigo. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vile. Tume hiyo ikaomba radhi. Kuomba radhi ni mwanzo mwema, lakini ofisi ya Ulaya haiwezi kuyapata majina ambayo haikuyaandika tangu mwanzo. Yakiwapo popote, yamo katika nyumba zetu.

Kwa hiyo tunawaombeni jambo moja ambalo halihitaji fedha. Wenyewe waliokwenda wamekwisha kufa wote, na watoto wao waliosikia habari hizo kwa masikio yao wamebaki wachache. Lakini wajukuu wapo. Mwalimu mwenye daftari na kalamu anaweza kuwaambia wanafunzi wake waulize nyumbani: Ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda Kariakoo, au aliyechukuliwa na Wadachi? Jina lake na la baba yake ni nani? Alitoka kijiji gani? Alirudi au hakurudi? Na kama kuna njia, kilima au kivuko kinachokumbukwa kwamba mzinga ulipita hapo, paandikwe pia. Andikeni yale yaliyosikiwa tu, wala msiongeze utamu. Na palipo na shaka, andikeni kwamba pana shaka. Daftari moja liwekwe shuleni, na la pili kwa mkubwa wa kijiji, ili likipotea moja lipatikane jingine.

Mizinga ile ilikuwa kumi, na kila mmoja habari zake zinatafutwa na wataalamu hata leo: ulikokwenda, ulikovunjwa, uliko sasa. Ikiwa chuma kimefuatwa nyayo zake kwa bidii hiyo kwa zaidi ya miaka 100, haifai mtu aliyekivuta apotee kama moshi. Anzeni na ukoo mmoja, kisha wa pili. Aliye na babu au bibi aliyesikia habari hizo na amwendee juma hili, asingoje likizo.